Bildi ya Kabogo

Mtu aliyezaliwa Tabora hulijua Ziwa Tanganyika kwa pua kabla ya kulijua kwa macho, kwa kuwa dagaa wakavu wa Ujiji na Kigoma wameingia katika masoko ya mji wetu tangu zamani, kwanza mabegani mwa wapagazi, na baadaye, reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na kuufikia mwambao wa ziwa pale Kigoma mwezi wa Februari 1914, katika mabehewa ya gari moshi. Nilikuwa mtu mzima nilipoyaona maji yenyewe kwa mara ya kwanza, na nakumbuka kwamba swali lililonijia nikiwa nimesimama juu ya kilima cha Ujiji halikuwa juu ya uzuri wake, ambao ni dhahiri kwa kila mwenye macho, bali juu ya kile kilichofichwa chini yake: ni kina gani, na hao dagaa wanakaa wapi humo ndani? Niliyauliza yote mawili kwa pamoja kana kwamba ni swali moja, wala sikujua kuwa kosa hilo lina umri mkubwa kuliko wangu.

Ili kulieleza kosa hilo yanipasa kuanza na njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapo Tabora, mahali ambapo wasafiri wa kwanza wa Kizungu walipaita Kazeh, msafara ulitua mizigo, ukapumzika, ukaajiri wapagazi wapya, ndipo njia ikagawanyika: tawi moja likaelekea kaskazini kwenye Nyanza na falme za Karagwe na Buganda, na jingine likashika magharibi kupitia nchi ya Wavinza, wenye visima vya chumvi na mitumbwi ya kuvushia watu katika mto Malagarasi, ambako hakuna aliyevuka bila kulipa honga. Wasafiri hao, Burton na Speke, walifika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, wakapokewa kwa ukarimu na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu mwenye elimu na adabu, wakaondoka Disemba, na hatimaye wakaliona ziwa mwezi wa Februari 1858. Haifai niitaje njia hii kwa chumvi, nguo na ushanga wake tu, nikanyamaza juu ya watu waliopitishwa humo wakiwa wamefungwa minyororo, wakielekea pwani wasikokujua. Historia yetu imechanganyika na machozi yao, na anayeiandika bila ya kuwataja huwadhulumu mara ya pili.

Wageni waliofika Ujiji kwa njia hiyo walikuwa na swali lao, nalo ni kina. Walitaka kujua ziwa hili lina pima ngapi, maji yake hutokea wapi na huishia wapi, kwani walikuwa wakiutafuta mto Nili, na kila shimo la maji kwao lilikuwa ushahidi wa kupelekwa mbele ya mabaraza ya wataalamu wa London. David Livingstone, ambaye Tabora humkumbuka kwa ile nyumba ya tembe ya Kwihara alimokaa mwaka 1872 mpaka mwezi wa Agosti akiwangoja watu na mizigo kabla ya safari yake ya mwisho, alikuwa ameondoka Ujiji kwa mtumbwi mwezi wa Julai 1869 kuelekea Manyema, na alipofika mbele ya mlima wa Kabogo akatia majini bildi, yaani kamba ya kupimia kina yenye risasi nchani. Kamba ikashuka, ikashuka, hata ikafika pima 326, kadiri ya mita 596. Na ilipokuwa ikivutwa juu, ikakatika. Basi hakuweza kuona kama ile risasi ya bildi iliyopakwa mafuta ilirudi na mchanga au na tope, maana hiyo ndiyo faida ya pili ya bildi, kumwambia nahodha si umbali wa chini tu bali pia hali yake. Risasi ile ingali huko.

Wajiji, kwa upande wao, hawakuhitaji kujua pima ngapi. Swali lao lilikuwa jingine kabisa, nalo ni samaki yuko wapi usiku huu, na jawabu lake walikuwa wamelipata muda mrefu kabla ya kamba ya Livingstone. Walijua kwamba dagaa hupanda juu giza likiingia na kushuka mbali mchana ukirudi. Walijua kwamba huifuata nuru, kwa hiyo wakawasha moto wa matete na kuni kwenye omo ya mtumbwi, na kundi lilipokusanyika chini ya mwanga wakalichota kwa lusenga, wavu wa mkononi wenye umbo la pia. Na walijua kwamba mbalamwezi huharibu kazi, kwa kuwa nuru ikiwa kila mahali dagaa hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja, ndiyo maana hata leo siku za mwezi mpevu utawakuta wavuvi wa Kigoma pwani wakishona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Elimu hii haikuandikwa kitabuni, ila iliandikwa katika kalenda ya maisha ya mji mzima, hata bei ya kitoweo Tabora ikapanda na kushuka pamoja na mwezi. Moto wa kuni ukapokewa na karabai katikati ya karne ya ishirini, lusenga ukapokewa na kipe, yaani mitumbwi iliyounganishwa kwa miti na kushusha wavu mkubwa katikati yake, na siku hizi karabai nazo zinapokewa na taa za umeme wa jua. Lakini ukitazama kutoka vilima vya Kigoma usiku wa giza, ule mji wa taa unaoelea juu ya maji ni mwana halali wa ule moto wa matete.

Huku maswali haya mawili yakiishi bega kwa bega pasipo kujuana, katika nchi nyingine palikuwa pakizaliwa elimu ambayo ingekuja kuyaunganisha. Mwaka 1826, katika ziwa la Geneva, wanasayansi wawili, Colladon na Sturm, walizamisha kengele majini, wakaipiga na kuwasha baruti kwa wakati mmoja, na yule aliyekuwa katika mashua ya mbali, mwenye bomba refu lililotumbukizwa majini na kutegwa sikioni, akahesabu muda uliopita baina ya kuona mwako na kusikia mlio. Wakapata kwamba sauti hupita majini mita 1,435 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Kuanzia hapo ilikuwa ni suala la muda tu kabla ya mtu kuwaza kuipeleka sauti chini na kuungoja mwangwi wake. Alexander Behm wa Kiel alipata hataza ya kipimo cha namna hiyo mwaka 1913, akiwa ameshtushwa na kuzama kwa Titanic mwaka uliotangulia. Paul Langevin, mwanafizikia wa Ufaransa, akafaulu katika miaka ya vita iliyofuata kuitoa sauti isiyosikika na sikio la binadamu kwa kutumia vipande vya jiwe la kwatzi. Vita ndiyo iliyolipa gharama, kwa sababu nyambizi zilikuwa zikiwindwa.

Kisha likatokea jambo ninalolipenda kuliko yote katika historia hii. Wapimaji wa kina walikuwa wakilalamika juu ya madoa yaliyojitokeza katika karatasi zao kati ya uso wa maji na ardhi, na kumbe madoa hayo yalikuwa samaki. Oscar Sund wa Norwei alionyesha mwaka 1935 picha za mwangwi wa chewa wa Lofoten wakiwa wametanda kwa tabaka moja katika maji, na mwaka 1948 ndugu wawili wa ukoo wa Furuno huko Japani wakatengeneza chombo cha kutafutia samaki kwa ajili ya mvuvi wa kawaida. Miaka kumi na moja baadaye, huko Marekani, kampuni ya Lowrance ikauza kisanduku kidogo cha kijani kwa watu wanaovua kwa kujiburudisha tu katika maziwa yao. Kinachoakisi sauti ndani ya samaki hasa ni kibofu chake cha hewa, wala si nyama yake, kwa kuwa nyama hukaribiana sana na maji. Basi kile kinachomwezesha samaki kuelea ndicho kinachomfichua.

Ziwa letu nalo likapimwa. Msafara wa wataalamu wa Ubelgiji wa miaka ya 1946 na 1947 ulileta ramani ya vina vyake, na dunia ikajua kwamba pale penye kina kirefu kabisa panafika mita 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walizunguka na vipima mwangwi kukadiria wingi wa dagaa, na katika miaka ya 1990 meli ya utafiti Tanganyika Explorer ikarudia kazi hiyo. Jibu kubwa walilolipata wenye elimu ya maji, na ambalo kila mwenye mashua angepaswa kulijua kabla ya kufungua pochi yake, ni kwamba hewa ya oksijeni haishuki katika ziwa hili zaidi ya takriban mita 100 upande wa kaskazini na 200 upande wa kusini. Chini ya hapo, katika zile mita elfu na zaidi, hapaishi samaki hata mmoja. Kina ambacho Livingstone alikitafuta kwa kamba yake ni jangwa; samaki ambao Mjiji aliwachota kwa lusenga wamo katika utando mwembamba wa juu.

Ndugu yangu mmoja, aliyestaafu kazi ya serikali akanunua mashua ya mbao ya kuvulia kwa mshipi siku za mapumziko, hakuambiwa haya na aliyemuuzia. Alisikia kwamba ziwa lina kina kupita kiasi, akauziwa sona, yaani kipima mwangwi, yenye nguvu ya kufika mbali kuliko zote zilizokuwapo, ya mawimbi ya kilohezi 50 peke yake, na kwa miezi kadhaa akaona kwenye kioo ukungu mpana usio na maana. Nilihuzunika naye, kwa sababu fedha ile ilikuwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. Wimbi hilo pana hufumbuka kama mwavuli: samaki waliopo mita 50 chini hukusanywa kutoka duara lenye upana wa mita 40 hivi, wakarundikwa pamoja, na kwa kuwa ukingo wa ziwa upande wa Kigoma hushuka kama ukuta, mwangwi wa jabali lililo ubavuni huja mapema na kujifanya sakafu. Wimbi la kilohezi 200 ni jembamba, upana wake kwa kina hicho ni kiasi cha mita 17 au 18, na katika maji baridi yasiyo na chumvi hufika kwa urahisi mahali pote ambapo samaki wa Tanganyika anaweza kuvuta pumzi. Anayetafuta kuhe karibu na mawe, au sangala na migebuka wanaowafuata dagaa, hana haja ya zaidi, na fedha inayobaki ni afadhali aitumie kununulia kioo chenye mwanga wa kushindana na jua la adhuhuri na betri ya kuaminika.

Pia transdyusa, yaani kile kinywa na sikio la chombo kinachokaa majini, haisikii kupitia ubao kama inavyoweza kusikia kupitia faiba ngumu, kwa hiyo katika mashua ya mbao lazima ifungwe nje kwenye tezi, chini ya usawa wa maji na mbali na mapovu ya rafadha, au itiwe kwenye mti uliofungwa ubavuni na kuinuliwa mashua inapokaribia ufuoni. Ya ndugu yangu ilikuwa imegandishwa ndani juu ya mbao. Fundi mmoja wa mashua wa Ujiji, mzee asiyejua kusoma maandishi ya kwenye kioo, alitia mkono majini pale tezi wakati injini ikienda, akautembeza polepole, akasema, “Hapa, mwanangu, maji yametulia,” na ndipo tulipofunga ile ya pili, ya kilohezi 200, ambayo ndugu yangu aliipata kwa kubadilishana na kuongeza kidogo.

Mwaka jana ndugu yangu alinichukua hadi kusini, usiku wa giza, tukapita mbele ya Kabogo alfajiri. Niliomba azime injini. Kwenye kioo, kati ya mita 40 na 70, palikuwa na utando mzito wa dagaa walioanza kushuka kuikimbia nuru ya mchana, na chini yao pinde tatu au nne, kubwa, za wakubwa wanaowala. Chini ya pinde hizo hapakuwa na kitu, na tarakimu ya kina, ile ambayo ingepaswa kutuambia mahali risasi ya mwaka 1869 ilipolala, ikawa inawaka na kuzimika bila kutulia kwenye hesabu yoyote, kwa maana sakafu ilikuwa mbali kuliko uwezo wake. Ndugu yangu hakuitazama. Alikuwa amekwisha kushusha mshipi, akihesabu pima kwa mikono yake, na alipofika 30 akasimama.