Turgot, ngano na akili ya serikali

Tukisikia "Karne ya Mwangaza" tunarudilia tu majina tuliyofundishwaka: Voltaire, Rousseau, Diderot na ile Encyclopédie iliyoanza kutoka 1751. Mimi ni mutu wa agronomi, njo maana nitaingia kwa mlango wa ngano.

Ndani ya Encyclopédie mulikuwa pia makala juu ya wakulima na nafaka. Mwandishi alikuwa Quesnay, munganga wa mfalme Louis XV. Wazo lake: utajiri wa inchi unatoka mu udongo, kisha unazunguka kati ya watu sawa vile damu mu mwili. Ukifunga mshipa, mwili unagonjwa. Na Ufaransa ya wakati ule ilijaa mishipa iliyofungwa: ushuru wa njiani, polisi wa soko, masharti ya mahali pa kuuzishia ngano. (Wenzangu munaolipaka barière kila kilometa, munaelewa bila mwalimu.)

Rafiki wa watu hao, Turgot, alitawala jimbo la Limoges tangu 1761 mpaka 1774. Kule alitosha kazi ya barabara ya lazima, ile ambayo mkulima alifanya bila mshahara, akaweka kodi pahali pake. Njaa ilipoingia 1770, alilazimisha wenye mashamba walishe watu waliowalimia mpaka mavuno, akafungua kazi za kulipwa kwa maskini. Kwangu mimi, hiyo njo sehemu nzuri kabisa ya maisha yake.

Mwaka 1774 Louis XVI alimuweka waziri wa feza. Tarehe 13 Septemba, biashara ya nafaka ndani ya ufalme ikafunguliwa. Soma utangulizi wa sheria ile: ni murefu, unaeleza sababu moja kwa moja. Amri za mfalme zilizoea kumalizika na neno la kusema ndivyo tunavyopenda, basi. Sasa serikali inajieleza mbele ya raia! Ilikuwa kitu kipya kweli.

Lakini mavuno ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Hesabu ya Turgot ilisema bei ikipanda, itaita ngano kutoka kule iko. Hesabu si ya uongo. Tangu 1770 padri mumoja wa Napoli aliyeishi Paris, Galiani, alikuwa ameonya kwamba barua na magari vinahitaji wakati, na njaa haingojee. Alichekesha watu, lakini aliona mbali. Mukate wa ratili 4, ambao Paris walizoea kununua kwa su 8 ao 9, ukafika 14 mwanzo wa Mei 1775. Kwa kibarua, hiyo ni sehemu kubwa ya mshahara wa siku.

Watu wakaamka: Dijon, Pontoise, Versailles, kisha Paris tarehe 3 Mei. Wanaita ile "vita ya unga". Tusiseme haraka ni wezi. Pahali pengi walikamata ngano, wakapanga bei waliyoona ni ya haki, wakalipa. Nao walikuwa na hesabu yao. Turgot aliamini ni njama tu. Askari 25.000 wakatumwa, na tarehe 11 Mei watu 2 wakanyongwa mbele ya umati. Misaada ilikuja, ndiyo, lakini bei ilikuwa imetangulia. Mutu wa Limoges alijua kuanza na tumbo. Waziri wa Paris alianza na kanuni.

Ajabu ni kwamba si wenye njaa waliomuangusha. Mwaka 1776 alitaka kutosha kazi ya barabara ya lazima mu ufalme muzima, na kodi yake ilipiwe na wenye udongo wote, hata wakubwa. Hapo mahakama kuu ya Paris na watu wa ikulu wakasimama. Tarehe 12 Mei alifukuzwa. Mwezi wa 8, wakulima walikuwa tena barabarani na majembe, bila mshahara.