Bia nyeusi kali huonjwa, hainywewi kwa pupa

Kwa wanywaji wengi nchini Tanzania, stauti ni bia nyeusi ya chupa kama Guinness au Castle Milk Stout. Hata hivyo, ipo aina yenye nguvu zaidi, inayojulikana kama stauti ya kifalme, ambayo siku hizi hutengenezwa hasa na viwanda vidogo vya Ulaya na Marekani. Kiasi chake cha kilevi huwa kati ya asilimia 8 na 12, wakati bia nyingi za kawaida huwa na takriban asilimia 5.

Asili yake ni London, katika karne ya 18. Kiwanda cha Henry Thrale, kilichokuwa eneo la Southwark na kuuzwa mwaka 1781, kilipeleka bia nyeusi kali nchini Urusi wakati wa utawala wa Catherine wa Pili, na huko ndiko lilikotoka jina la kifalme. Mwaka 1817, Daniel Wheeler alipata hataza ya mtambo wa kukaanga kimea hadi kiwe cheusi, na tangu hapo rangi ya stauti ikawa nyeusi tii.

Ili kuielewa bia hiyo, yafaa kuilinganisha na pombe ya nyumbani. Huko Berega, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, katika nchi ya Wakaguru, pombe ya nafaka imekuwa na nafasi katika matambiko, ngoma na kazi za pamoja za shambani. Msingi wa pombe ya namna hiyo ni ule ule: nafaka huloweshwa hadi ichipue, hukaushwa na kusagwa kuwa kimea, kisha huchanganywa na uji na kuachwa ichachuke.

Tofauti iko katika muda. Pombe ya nafaka hunywewa ingali inachachuka, na baada ya siku chache huwa chungu isiyofaa. Stauti ya kifalme hutengenezwa kwa shayiri nyingi zaidi, hivyo chachu hupata sukari nyingi ya kugeuza kuwa kilevi. Kilevi hicho pamoja na maua ya hopsi huizuia isiharibike upesi, na baadhi ya chupa huwekwa kwa miaka kadhaa ili ladha ipoe na kukomaa.

Waonjaji hawaitaki ikiwa baridi kama barafu, kwa kuwa baridi kali huficha harufu. Chupa hutolewa kwenye jokofu mapema hadi ifikie nyuzi joto 10 hadi 14, kisha humiminwa kidogo katika bilauri yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Kwanza hutazamwa povu lake la rangi ya kahawia. Kisha hunuswa, na hapo hujitokeza kahawa iliyokaangwa, kakao, zabibu kavu na sukari guru. Funda dogo huzungushwa mdomoni kabla ya kumezwa. Utamu hutangulia, uchungu wa kimea kilichokaangwa hufuata, na mwishoni kilevi hupasha koo joto.

Utamu huo ndio mtego. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 10 ina mililita 33 za kilevi halisi, wakati nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina mililita 25. Anayemaliza chupa mbili ndogo za stauti hiyo amekunywa zaidi ya chupa mbili kubwa za bia ya kawaida, ingawa mezani zinaonekana chache. Kwa dereva anayekusudia kusafiri katika barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma, inayopita jirani na Berega, hesabu hiyo si ya mzaha.

Kwa sababu hiyo, chupa moja ya stauti ya kifalme aghalabu hugawanywa kwa watu wawili au watatu, pamoja na chakula na maji pembeni. Asilimia iliyoandikwa kwenye lebo husomwa kabla ya kizibo kufunguliwa, na anayeendesha gari huiacha kabisa.