Yente Hakuwa Mshenga: Majina ya Watu katika Muziki wa Tamthilia ya Kiyidish

Kuna dai linalorudiwa mno, hata na waandishi wanaojua kazi yao, kwamba yente ni neno la Kiyidish lenye maana ya mshenga. Chimbuko la dai hilo halijifichi. Ni Fiddler on the Roof, mchezo wa muziki uliofunguliwa Broadway mwaka 1964, ambamo mwanamke aitwaye Yente huzunguka kijijini akiwatafutia mabinti waume. Lakini Yente ni jina la mtu. Mshenga kwa Kiyidish ni shadkhn, na katika hadithi za mwandishi Sholem Aleichem zilizouzaa mchezo huo, anayemjia Tevye, baba wa mabinti, na habari za posa ni mwanamume, Efroyim. Ukirudi nyuma zaidi, hadi tamthilia ya Di tsvey Kuni-Leml ya Abraham Goldfaden ya mwaka 1880, mshenga ni mwanamume tena, Kalmen. Washenga wa kike walikuwepo, sikatai, na lugha ilikuwa na neno lao, ila neno hilo halikuwa Yente. Wengi wakishafika hapo hufunga mjadala: dai ni kosa, basi. Mimi naona kosa hilo lina thamani kuliko sahihisho lake, kwa sababu linaonyesha jinsi jina la mtu lilivyoweza kupewa maana jukwaani, kwa nguvu ya wimbo, bila kujali lilitoka wapi.

Wapenda mashina ya maneno hawatakubali. Watasema maana ya jina iko katika asili yake: Yente ni Gentile ya Kiitaliano na Kifaransa cha kale, yaani mwanamke muungwana; Shprintse ni Esperanza, tumaini; Bunem ni bonhomme, mtu mwema. Yote ni kweli, na Alexander Beider, katika kamusi yake ya majina ya Wayahudi wa Kiashkenazi ya mwaka 2001, ameifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Tatizo liko kwa wanaoichukua kamusi na kudhani wameshawaelewa watu. Mama wa Volhynia wa karne ya 19 hakumwita bintiye Yente kwa ajili ya uungwana. Alimwita hivyo kwa sababu bibi marehemu aliitwa hivyo, maana Waashkenazi huwapa watoto majina ya jamaa waliokufa. Majina ambayo maana yake ilikuwa bado hai vinywani yalikuwepo, kwa mfano yale ya jozi, kama Tsvi-Hirsh na Dov-Ber, ambamo Kiebrania na Kiyidish humtaja mnyama yuleyule, ayala au dubu, na Alter, yaani mzee, jina alilopewa mtoto mgonjwa ili malaika wa mauti achanganyikiwe na kumpita. Mengine mengi yalibeba ukoo tu. Ndiyo maana mtunzi mmoja mwenye sikio zuri aliweza kuyafanyia alivyotaka.

Mtunzi huyo ni Goldfaden, na sioni haja ya kuona haya kumpa nafasi kubwa. Alizaliwa Starokonstantinov mwaka 1840, akasoma chuo cha marabi cha Zhytomyr, na huko, mwaka 1862, akaigiza nafasi ya mwanamke katika Serkele ya Shloyme Ettinger, mchezo unaobeba jina la mhusika wake mkuu. Mwaka 1876, Iași, Romania, aliwachukua waimbaji wa vilabuni, Israel Grodner akiwa mmojawapo, akazishona nyimbo zao kwa visa na mazungumzo katika bustani ya Pomul Verde. Hakujua kuandika noti. Mahadhi aliyaokota sinagogini, kwenye opera za Kiitaliano, kwa wapiga fidla wa Romania na Ukraine. Mtaalamu wa muziki A. Z. Idelsohn alikwisha kuyafuatilia mengi hadi yalikotoka, na wapo wanaomtaja Goldfaden kama mwizi kwa sababu hiyo. Shutuma hiyo haina uzito. Cha kutazama ni alivyoyagawa mahadhi hayo, kwa kuwa mgawanyo wake unafuata majina. Katika Shulamis na Bar Kokhba, tamthilia zake kubwa za mwanzo wa miaka ya 1880, wanaopenda na kufa wana majina ya Maandiko na ya historia ya kale: Shulamis, Avisholem, Avigail. Hao huimba kwa pumzi ndefu, kama opera. Wenye majina ya sokoni na jikoni, kina Hotsmakh mchuuzi na Bobe Yakhne mchawi wa tamthilia yake nyingine, hupewa kupleti fupi za kuchekesha. Na vijana wa kisasa, ambao Goldfaden mwenye fikra za mwamko wa elimu miongoni mwa Wayahudi aliwapendelea waziwazi, ni Max na Karolina wa Di tsvey Kuni-Leml. Msikilizaji wa Iași au Odessa alijua kwa jina peke yake wimbo wa aina gani unakuja.

Mgawanyo huo ulikuwa na ukatili wake. Shmendrik, kijana zuzu aliyedekezwa na mama, aliundwa mwaka 1877 ili kufaa kipaji cha Sigmund Mogulesko, mwimbaji wa kwaya aliyekuwa bado hajafika miaka 20. Kuni-Leml ni chongo, kiguu na kigugumizi. Majina yote mawili yakawa matusi ya kila siku. Katika Shulamis yumo pia Tsingitang, mtumishi aliyechorwa kama mtu wa mwituni ili watu wacheke, na jina lake si la taifa lolote, ni kelele tupu. Msomaji wa Kiafrika hawezi kulipita jina hilo kimyakimya. Goldfaden, aliyewatetea watu wake dhidi ya dhihaka, alijua vizuri kwamba kumnyima mtu jina halisi ni njia ya mkato ya kumfanya kichekesho.

Kinyume cha Tsingitang ni wimbo wa Rozhinkes mit mandlen, Zabibu na Lozi, katika tamthilia hiyohiyo. Goldfaden aliutoa katika bembelezo la kienyeji, lile ambamo kila mama huchomeka jina la mtoto wake mwenyewe, na chini ya susu yake husimama mbuzi mweupe. Yeye alibadilisha majina. Mjane anayembembeleza mtoto akawa Bas-Tsion, Binti Sayuni, naye mtoto akawa Yidele, ambalo ni Yehuda kwa kudekeza na pia Myahudi mdogo. Kwa majina hayo mawili wimbo wa chumbani ukawa wa taifa zima lisilo na mume wala makao, na bado ukabaki bembelezo linaloweza kuimbwa usiku kwa mtoto yeyote.

Litakuja pingamizi kwamba majina hugeuka nomino bila jukwaa wala muziki. Kiswahili kina juha, na Juha wa ngano za Waarabu hakuhitaji fidla. Nakubali, lakini Juha hana mwandishi anayejulikana, ilhali Shmendrik ana mwandishi, mwaka na mwigizaji wa kwanza, na kazi ya kumuunda inaonekana. Tena Urusi ilipopiga marufuku tamthilia za Kiyidish mwaka 1883 na vikundi kutawanyika hadi London na New York, nyimbo zilifika ambako jukwaa halikufika. Pingamizi zito zaidi ni mtunzi Jacob Gordin, aliyeingia New York mwaka 1891 na kutaka kuzifukuza kupleti. Tamthilia yake ya Mirele Efros ya 1898 ilimfanya mjane mwenye mali kuwa kama Malkia Lear, na jina lake likapata heshima bila mahadhi ya kuchekesha. Ni kweli, lakini heshima hiyo haikutoka kwa Mirele Efros kwenda kwa Mirele wengine. Gordin alitengeneza mtu. Majina aliyaacha yalivyokuwa.

Yente aliingia katika fasihi hii akiwa msemaji tangu mwanzo. Chanzo ambacho hakitajwi inavyostahili ni Dos tepl, hadithi fupi ya Sholem Aleichem ya mwaka 1901: mwanamke muuza kuku anakwenda kwa rabi na swali kuhusu chungu, anajitaja kuwa ni Yente, kisha anamwaga maneno bila kikomo hata swali linapotea. Baadaye, katika gazeti la Forverts la New York, Jacob Adler (mcheshi aliyejiita B. Kovner, si mwigizaji mashuhuri mwenye jina hilo) akambuni Yente Telebende, mke mwenye ulimi mkali, naye akapanda jukwaani na kuingia kwenye santuri. Umbeya ukawa wa Yente. Hata hivyo jina halikufungwa: Isaac Bashevis Singer alimpa Yentl, umbo lake la kudekeza, binti msomi anayevaa kiume ili asome Talmud. Kumwigiza mvulana kulikuwa kazi ya mwigizaji Molly Picon kwa muda mrefu. Miaka ya 1920 alimwimba Yankele, mvulana, kwa muziki wa Joseph Rumshinsky. Mwaka 1936, katika filamu ya Yidl mitn fidl iliyopigwa Poland kwa muziki wa Abraham Ellstein, alikuwa Itke anayejifanya mvulana na kuitwa Yidl, jina la yule mtoto wa susuni. Wengi wa hadhira ile ya Poland waliuawa na Wanazi, na leo wanatajwa tu katika vitabu vya marehemu, na waigizaji wao katika juzuu ya tano ya kamusi ya tamthilia ya Zalmen Zylbercweig, ya mwaka 1967.

Mwaka 1971 Fiddler ilipofanywa filamu, aliyepewa nafasi ya Yente ni Picon huyohuyo. Jukwaani Yente alikuwa na sehemu ya kuimba katika wimbo wa uvumi, lakini filamu iliukata. Wimbo uliolibandika jina lake kwenye ushenga, ule wa Jerry Bock na Sheldon Harnick kuhusu kutafutiwa mume, hauimbi yeye. Wanauimba mabinti wa Tevye, na mkubwa wao, Tzeitel, hujifunga kitambaa kichwani na kumwigiza.