Upepo, Ngano na Mifupa ya Manda

Kabla mashua haijagusa Manda, ami aliyeshika usukani alishaniuliza swali lile: "Asili yako wapi, mwanangu?"

Nikamwambia mama ni wa Mombasa, baba ni Mkikuyu wa Nakuru. Akatabasamu. "Basi wewe ni wa huku na kule." Mdomo wangu ulikuwa umejaa hamri, kwa hiyo sikujibu.

Nilienda kuona magofu. Mji wa Manda ulikuwapo tangu karne ya 9. Neville Chittick alipouchimba miaka ya 1960, alikuta vyombo vya udongo kutoka Ghuba ya Uajemi na kuta nzito za mawe ya matumbawe zilizojengwa kuzuia bahari. Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha matokeo ya vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, Manda ikiwemo. Ikaonekana kwamba kuanzia takriban mwaka 1000, wanawake wa Kiafrika walizaa na wanaume waliotoka Asia, wengi wao Waajemi. Watu wamebishana sana mitandaoni eti nani Mswahili safi. Mifupa imesema yake.

Lakini mawazo yangu yalikuwa kwa babu. Alikuwa akikodi shamba la ngano Narok, na mwaka 2007 ngano yake ikaota madoa mekundu kwenye mashina. Ukipitisha kidole, unga wa rangi ya matofali unabaki mkononi. Ile ni kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu. Babu alipiga dawa, wapi! Alivuna majani tu. Mwaka uliofuata akahamia viazi, na ngano hakuigusa tena.

Kuvu huyo ana jina: Ug99. Aligunduliwa Uganda mwaka 1998 na kupewa jina 1999. Kilichowashtua watafiti ni kwamba alishambulia ngano yenye jeni ya Sr31, ambayo ilikuwa imelinda mashamba ya nchi nyingi kwa miongo. Jeni hiyo yenyewe si ya ngano asilia. Ilitoka kwa nafaka iitwayo rai, binamu wa ngano, kwa kuhamisha kipande kizima cha kromosomu. Yaani ngao yetu ilitokana na badiliko kubwa la jenomu. Kumbe hata adui alikuwa na lake.

Kutu ya shina ina tabia ya ajabu. Kwenye jani la ngano, kila seli yake ina viini viwili, kila kimoja na seti yake ya kromosomu, vikiishi pamoja bila kuchanganyika. Ni kama nyumba moja yenye familia mbili, kila moja na jiko lake. Kwa kawaida, ili viini hivyo viungane na kuchanganya jeni, kuvu huhitaji kichaka kiitwacho baberi. Lakini mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba Ug99 alipita njia ya mkato. Kiini chake kimoja kinafanana karibu kabisa na cha ukoo wa zamani wa kutu uliojulikana kusini mwa Afrika tangu miaka ya 1920. Cha pili kilitoka kwingine. Maana yake, kutu mbili zilikutana, nyuzi zao zikagusana na kuungana, zikabadilishana viini vizima. Maelfu ya jeni yakahama kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo nilipojizuia kulinganisha haraka. Sisi watu huchanganya upya kila tunapozaa: kromosomu za mama na za baba hukatwa na kubadilishana vipande. Yule mtu wa Manda hakuwa nusu Mwajemi upande huu, nusu Mwafrika upande ule. Alikuwa mtu mmoja, na wajukuu wake wakachanganyika zaidi. Kuvu ndiye anayeweza kubeba nusu mbili zisizogusana.

Halafu kuna upepo. Vumbi la kutu husafiri hewani: Kenya, Ethiopia, kisha Yemen mwaka 2006 na Iran 2007. Karibu njia ya majahazi, ila hili halikungoja nahodha. Ndiyo maana pale KALRO Njoro hupimwa ngano za nchi nyingi, na wafugaji wa mbegu sasa hukusanya jeni kadhaa za kinga katika mbegu moja. Anayetegemea ukuta mmoja hungoja siku utakapobomoka.

Jioni ami alinirudisha. Nikamwambia nimepata jibu la swali lake, na nikamweleza habari za mifupa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sisi tulikuwa twajua," akasema. "Hebu nipe hamri moja, kama imebaki."

Ilikuwa imebaki moja. Tukaigawana. Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, kwa hiyo hata unga ule sijui ulivuka bahari gani.