Habari za Rungu na Uchongaji Wake

Waandishi wa tarehe za vita hupenda kuanzia kwenye chuma. Husimulia habari za mapanga, mikuki, na baadaye bunduki, kwa sababu vitu hivyo hubaki ardhini au majumbani, na bei zake zimo katika daftari za wafanya biashara. Rungu halina daftari. Mwenyewe akifa, huliwa na mchwa au huishia mekoni pamoja na kuni. Kwa hiyo, atakaye kulijua hana budi, nadhani, kulichonga. Na hapo karakana yaweza kumfunza mwanafunzi wa tarehe jambo asilolipata maktabani.

Kwanza tupambanue majina, maana Kiswahili hakichanganyi rungu na gongo. Gongo ni mti mnene tu. Bakora ni ya kutembelea, na kishikio chake kimepindwa. Mkwaju una jina moja na mti uzaao ukwaju. Rungu ni lile lenye kichwa cha mviringo na mkono mwembamba, na taabu yote ya mchongaji imo katika shingo, pale viwili hivyo vinapokutana.

Morogoro yatuonyesha jinsi kitu cha namna hii kinavyopotea machoni pa mwandishi. Stanley alipopita hapo mwaka 1871, akimtafuta Livingstone, aliuona mji wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo na wakati ule ukitawaliwa na binti yake. Alieleza ukuta wa mawe, minara pembeni, matundu ya kupitishia bunduki, na milango minne ya mbao ngumu yenye nakshi za Kiarabu. Akakisia watu baina ya 3,000 na 5,000. Nakshi za mlango zilimpendeza mgeni, akaziandika. Lakini mti uliokamatwa na mlinda shamba, nani angeupima urefu?

Ulaya ya karne za kati hali ilikuwa karibu na hiyo, isipokuwa rungu liliposhikwa na mkubwa. Katika kitambaa cha Bayeux, kilichotariziwa karne ya 11 kueleza vita vya Hastings vya mwaka 1066, Askofu Odo yu juu ya farasi na rungu mkononi. Wako waliosema kwamba mtu wa dini hakuruhusiwa kumwaga damu. Walakini sioni kwamba rungu humwaga damu kidogo. Wataalamu wengine hulichukua kuwa alama ya amri, nami nakubaliana nao, kwani ndugu yake William naye ameonyeshwa analo. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hatashangaa: Rais Moi wa Kenya, aliyetawala tangu 1978 hadi 2002, alikuwa na kirungu chake, wala hapana aliyedhani kwamba angempiga mtu nacho.

Sasa tuingie karakanani. Mwanafunzi asiyejua huchukua ubao, akachora umbo la rungu na kulikata kwa msumeno. Rungu hilo ni zuri machoni, lakini kila ambapo msumeno umekatisha nyuzinyuzi za mti, shingo imedhoofika, na pigo moja zito laweza kuivunja. Mjuzi hutafuta mti mchanga uliovimba pale shina linapoingia mzizini, au tawi lenye kifundo. Hapo nyuzinyuzi zenyewe zimejipinda na kusokotana, na umbo limekwisha kuwamo. Tezo huondoa ziada tu. Mpingo wa nyikani ni mgumu kupita kiasi na huzama majini, ila fimbo nyembamba yake huwa na sehemu kubwa ya mti mweupe wa nje kuliko kiini cheusi.

Mti haufai kuharakishwa. Maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha zilizokatwa, na huko ndiko nyufa huanzia. Kwa hiyo ncha hupakwa nta, na mti huwekwa kivulini, mbali na jua na upepo. Ukikauka, huchongwa kwa tezo, kisha tupa, kisha hukwaruzwa kwa kipande cha chupa. Mwisho hulainishwa kwa msasa. Siku hizi neno hilo humpeleka mtu dukani kununua karatasi. Lakini msasa ni mti, wa jamaa ya mikuyu, na majani yake makavu yenye kukwaruza ndiyo yaliyong'arisha mbao kabla karatasi haijaja na kulichukua jina.