Mashine Inapotaka Kujua Unataka Nini

Wandugu, leo niwaletee historia kidogo ya akili bandia, lakini tuianzie kwa watu tunaowajua: wamotari wa Goma.

Motari mzuri hafundishwi darasani. Anapanda nyuma ya mkubwa wake, anaangalia. Akiona mkubwa anaacha barabara kubwa pale Birere na kuingia kichochoroni, anaweza kujifunza mambo mawili. La kwanza: "hapa tunakata kushoto." La pili: "tunakwepa msongamano." Akishika la kwanza tu, siku kichochoro kimefungwa atakwama. Akishika la pili, atatafuta njia ingine mwenyewe. Historia yote iko katika tofauti hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Dean Pomerleau wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, alitengeneza ALVINN, programu iliyojifunza kuendesha gari kwa kumwangalia dereva. Kamera inaona barabara, mashine inaiga usukani. Ilifanya kazi, ila dereva mzuri hatoki barabarani, kwa hiyo mashine haikuona namna ya kurudi ikianza kutoka. Ilibidi Pomerleau azisogeze picha zionekane kama gari limepinda, njo ijifunze kujirekebisha. Kuiga kitendo bila kujua sababu yake kuna mpaka.

Mwaka 1998, Stuart Russell wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aligeuza swali. Kawaida tunaipa mashine lengo, nayo inatafuta vitendo. Je, tukiionyesha vitendo vya mtaalamu, inaweza kutafuta lengo lake? Mwaka 2000, yeye na Andrew Ng walichapisha mbinu za hesabu za kufanya hivyo.

Mwaka 2008, pale pale Carnegie Mellon, Brian Ziebart na wenzake walichukua rekodi za GPS za madereva 25 wa teksi wa Pittsburgh, zaidi ya kilomita 160,000. Hawakutaka kukariri njia. Walitaka kujua dereva anapima nini moyoni: barabara kubwa au ndogo, mwendo, kona za kukata. Ukishajua hayo, unaweza kukisia njia hata ya safari ambayo haikurekodiwa. Mwaka huohuo, huko Stanford, Adam Coates, Pieter Abbeel na Ng walifundisha helikopta ndogo kucheza angani. Rubani wao alirudia mchezo mara kadhaa, kila mara na kasoro yake. Mashine ikakisia alichokusudia, ikaruka vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Sasa tufike kwenye shida. Ng na Russell walisema tangu mwanzo: kitendo kimoja kinaweza kuelezwa na malengo mengi. Sisi wa Goma tunalijua hilo bila hesabu.

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipasua mji katikati na kuingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakavuka hadi Gisenyi. Siku chache tu, wakaanza kurudi, lava bado ina joto. Mtu wa mbali aliyehesabu nyayo angesema: hawa hawaogopi volkano. Kumbe walioogopa walirudi pia, juu ya nyumba, mali na watu wao waliobaki, na juu ya kutotaka kulala kambini katika nchi ya wengine.

Mwaka 2021 ilikuwa vilevile. Mlipuko ulitokea tarehe 22 Mei, na tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu ya mji ihame. Umati ukaelekea Sake. Ipe mashine ramani ya mwendo wa simu za siku ile, uinyime habari ya amri na hofu, nayo itaandika kwamba watu wa Goma wanaipenda Sake. Inaona miguu tu, haijui nani aliyesukumwa.

Mwaka 2018, Stuart Armstrong na Sören Mindermann walilithibitisha kwa hesabu: vitendo pekee, hata ukichagua maelezo mepesi zaidi, haviwezi kutenganisha anachotaka mtu na makosa yake. Lazima ujue kitu kingine kumhusu. Ndiyo maana mimi naupenda zaidi mwelekeo ambao Dylan Hadfield-Menell, Russell na wenzao waliupendekeza mwaka 2016: mashine ikubali kwamba haina uhakika wa lengo la binadamu, iendelee kujifunza kwake wakati wanafanya kazi pamoja, badala ya kukisia mara moja na kufunga faili.

Nawaandikia hili kwa sababu wengi wetu tukitoka chuo kazi ya kwanza ni kukusanya takwimu, simu mkononi, fomu imefunguka. Tunahesabu waliohama, waliorudi, waliokataa msaada. Takwimu kama hizo kesho zinaweza kuwa chakula cha mashine, na mashine itaamua kambi iwekwe wapi na barabara gani ifunguliwe. Fomu ikiuliza "ameenda wapi" tu, muulize mama huyo pia "kwa nini", na uandike jibu lake hata kama hakuna kisanduku chake.