Kwa nini daraja lililopinda huhitaji hesabu ya ziada

MSAFIRI atokaye Mombasa kwenda Malindi huvuka mkono wa bahari wa Kilifi juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 1991 kwa ufadhili wa Japani. Awali, watu na magari walivushwa kwa feri. Mhimili wa daraja hilo ni wa zege, wenye umbo la sanduku lililo tupu ndani, nao umenyooka.

Unyoofu huo hupunguza kazi ya mhandisi. Lori likipita katikati ya daraja lililonyooka, mhimili huinama tu. Daraja likipinda, uzito huo hukaa kando ya mstari unaounganisha nguzo mbili. Hapo mhimili huinama na kusokotwa kwa pamoja, mithili ya nguo inayokamuliwa. Upande wa nje wa kona huelemewa zaidi, na ule wa ndani huweza kuinuka kutoka kwenye viegemeo vyake.

Ndipo faida ya sanduku huonekana. Katoni iliyofungwa pande zote ni ngumu kuisokota. Ikifunguliwa, hulegea mkononi. Mhimili nao ni vivyo hivyo.

Hata hivyo, uzito ukiegemea upande mmoja kupita kiasi, hesabu huvunjika. Mnamo Oktoba 2019, daraja la barabara mjini Wuxi, Uchina, lilipinduka kutokana na malori yaliyozidisha mizigo, na watu 3 wakafariki. Kwa hivyo, mizani ya barabarani si usumbufu kwa madereva, bali ni sehemu ya uhai wa daraja.